Pikipiki Iliyokaa Bila Kuguswa

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa nane, wakati ukungu wa huku Kilungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na mtu analima akiwa amevaa koti. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Siku hiyo nilimwita ndugu yangu wa tumbo moja mwizi, mbele ya majirani, kwa sababu pikipiki yangu ilikataa kuwaka. Nakuambia mapema ili usikae ukijiuliza kilichotokea ni nini. Kilichotokea ndicho hicho, na ndicho kimenifanya nizeeke hapa peke yangu na redio.

Ninyi vijana mnaniletea pikipiki nyumbani kwa sababu mmesikia mzee Mutiso bado ana mkono wa kazi. Sikatai. Mtu amekwenda Nairobi miezi sita, anarudi anakuta chombo hakishiki, anakisukuma mpaka kwangu jasho likimtiririka. Na kabla hajateremsha stendi, tayari ana jina la mtu mdomoni. Ni binamu yake. Ni shemeji. Ni yule jirani wa mpaka. "Mzee, hapa kuna mtu amechezea." Huwa namwambia aketi kwanza kwenye gogo lile, anywe maji, aniambie imekaa muda gani. Wengine hukasirika, wanaona nazunguka. Acha wakasirike. Mimi hasira yangu niliimaliza zamani, na ninajua ilinipeleka wapi.

Pikipiki ile niliipata kwa jasho la matofali. Baba alikuwa ameshatuacha, tumebaki watatu nyumbani: mimi, mama, na Kyalo, mdogo wangu niliyemtangulia kwa miaka sita. Miaka mitatu nilichimba udongo, nikakanyaga, nikachoma, nikamuuzia kila aliyejenga kuanzia huku juu hadi Salama kule chini kwenye barabara kuu ya Mombasa. Halafu nikanunua pikipiki kuukuu ya afisa wa mifugo aliyekuwa akistaafu. Wakati huo hapakuwa na boda boda. Upande wetu wote wa kilima pikipiki ilikuwa hiyo moja, na mwenyewe nikiwa mimi. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Kanisa letu liko hatua mia mbili kutoka nyumbani na bado nilikuwa nakwenda nayo, naiegesha mlangoni mahali ambapo hata mchungaji hana budi kuizunguka. Mama alikuwa akinitazama tu na kutikisa kichwa.

Basi nikapata kazi kwenye kambi ya watengenezaji barabara, mbali huko upande wa tambarare. Waliniambia ni miezi mitatu. Niliiweka pikipiki kwenye stoo ya mabati ambayo baba alikuwa akihifadhia kahawa, tenki likiwa na petroli nusu, nikaifunika kwa turubai la kijani, nikatia ufunguo mfukoni. Kisha nikawaita mama na Kyalo nikawaambia mtu yeyote asiiguse. Nilisema kwa sauti ya mwenye mji. Kyalo alikuwa na miaka kumi na tisa, kijana mpole, mwimbaji wa kwaya, anayelisha mbuzi na kutengeneza matuta bila kuambiwa. Alisema sawa.

Miezi mitatu ikawa mwaka, na mwaka ukaongezeka miezi minane. Simu za mkononi hazikuwepo, tulikuwa tunaandikiana barua. Mwezi wa nne au wa tano hivi tangu niondoke, Kyalo aliniandikia. Mama hajambo, mbuzi wawili wamezaa, mahindi yameungua na jua. Halafu chini kabisa, kwa adabu, akaandika kwamba alipokwenda Salama alizungumza na fundi mmoja, na yule fundi amemwambia pikipiki ikikaa sana inaharibika yenyewe. Kwa hiyo anaomba nimtumie ufunguo awe akiiwasha kila Jumamosi, na kama siwezi kutuma, basi nimruhusu angalau aimwage ile petroli.

Unajua nilimjibu nini? Mstari mmoja. Nilimwandikia asiiguse, na nikirudi nikute imeguswa tutaonana vibaya. Na nikueleze ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Sikuogopa ataiharibu. Niliogopa atajifunza kuiendesha, ataipenda, na watu wataanza kumwita yeye mwenye pikipiki. Wivu tu, mwanangu, wivu wa mtu mzima kwa mtoto aliyekuwa akimchungia mama yake.

Sasa turudi ile Jumamosi. Nilikuwa nimefika Ijumaa jioni, nikawatangazia watu kwamba kesho watasikia mlio. Majirani wakaja, maana siku hizo hatukuwa na mambo mengi ya kutazama. Nikafungua stoo kwa madaha, na kitu cha kwanza nilichokiona ni turubai la buluu. Langu lilikuwa la kijani. Nikajifanya sijaliona. Nikaitoa pikipiki nje, nikatia ufunguo, nikavuta choki, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka soli ya kiatu ikabanduka na ugoko ukachubuka. Tukaisukuma kwenye mteremko, watu wanne nyuma, nikatia gia ya pili nikaachia klachi, tairi la nyuma likaburuta udongo mwekundu na injini haikukohoa hata mara moja. Watoto wakaanza kucheka. Na jirani mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado ni jirani yangu na tunaazimana jembe, akasema kwa upole kabisa kwamba labda kuna mtu ametoa kitu ndani.

Aa, neno lile. Lilinifaa sana, kwa sababu lilinitoa mimi katika aibu na kumtia mtu mwingine.

Kyalo alikuwa akipanda kutoka kwenye matuta na mzigo wa nyasi za ng'ombe kichwani. Hata sikumwacha autue. Nilimuuliza turubai langu liko wapi. Akasema mabati yalivuja wakati wa mvua, turubai likaoza, akatafuta jingine akaifunika, na vipande vya lile la kijani bado viko mle stoo, kwenye kona. Nilikwenda kuangalia? Sikwenda. Nilimuuliza ameuza nini, kabureta au koili. Nilimuuliza amemuuzia nani. Alinitazama akifikiri nafanya mzaha. Halafu nikatamka lile jambo. Nilimwambia kama hakuigusa, basi ale kithitu.

Kama wewe si wa huku Ukambani, nikueleze. Kithitu ni kiapo chetu cha kale. Mtu akikila na ana uongo, wazee wanasema kinamfuata yeye na watu wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana watu wa tumbo moja hawalishani kithitu hata wakigombania shamba, kwa sababu kikianza kazi hakina wa kumbagua. Na sisi tuliolelewa kanisani, tunaosema tumeokoka, bado tukikitaja tunashusha sauti. Mimi nilikitaja kwa kupiga kelele. Watu waliokuwa wakicheka, mmoja mmoja wakaanza kukumbuka kazi walizoacha nyumbani.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na ungo wa muthokoi, mahindi ya kukobolewa, mikononi. Akauweka chini. Hakuja karibu.

"Mutiso, mimi nina tumbo moja," akasema. "Kithitu kikiingia humu, kitamla nani kimwache nani?"

Kiburi hakihitaji jibu. Nilimtazama Kyalo nikingoja atetemeke au alie au anitukane, ili nipate cha kushika. Alitua mzigo wake wa nyasi taratibu, akajipangusa shingo.

"Uliniambia nisiiguse," akasema. "Sikuigusa."

Akaingia ndani. Jumapili hakwenda kwenye kwaya, na watu waliulizia sauti yake. Tulikula kila mtu mahali pake. Mama aliniambia niende nizungumze naye. Nilisema aje yeye kwanza, mimi ndiye mkubwa. Ukubwa wenyewe ulikuwa miaka sita tu.

Jumatatu asubuhi nilianza kuiteremsha pikipiki kwenda Salama kwa fundi. Ni mteremko, kwa hiyo sehemu nyingi unakaa juu yake inabingirika yenyewe, na penye kupanda unasukuma. Mbele yangu, kama hatua mia hivi, nikamwona mtu na begi begani. Alikuwa Kyalo. Mama alikuwa amemruhusu aende Kitui kwa mjomba wetu, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Tulishuka kilima kile chote, yeye mbele, mimi nyuma na pikipiki yangu iliyokufa. Ningeweza kubingirika nikampita, nikaona afadhali nishike breki. Ningeweza kumwita, nikaona sina la kumwambia. Tulifika Salama bila hata kukohoa. Yeye akavuka barabara, upande wanakosimama magari ya Machakos, ili huko achukue la Kitui. Mimi nikabaki upande wa pili, kwenye kibanda cha fundi.

Fundi huyo walimwita mzee Nzioka. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, na alikuwa akifanya kazi ameketi juu ya tairi la lori. Aliniuliza pikipiki imekaa muda gani. Nikamwambia imeibiwa vitu.

"Sijakuuliza hilo," akasema.

Nikamwambia mwaka na miezi minane. Akafungua kifuniko cha tenki, akanusa, akaniambia na mimi ninuse. Petroli haikunuka petroli tena, ilinuka rangi ya mbao. Akachomoa plagi, akaifuta, akairudisha kwenye waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige kiki. Cheche ya buluu ikaruka. Akasema moto upo, kwa hivyo koili ipo. Nikaona jasho linaanza kunitoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Akaja kwenye kabureta. Kabla hajaweka bisibisi, akaniita niiname nitazame vichwa vya skrubu. Vumbi na mafuta ya zamani vilikuwa vimeganda ndani ya ile mifereji midogo ya kutia bisibisi, vimekauka kabisa. Akaniambia hapa hakuna mkono wa mtu uliopita tangu enzi za huyo afisa wa mifugo wako. Akaifungua. Ndani kila kitu kilikuwepo. Ila petroli iliyokaa ilikuwa imegeuka gundi ya manjano, imeshika kwenye kuta, na kile kitundu cha jeti ambamo mafuta hupita kilikuwa kimezibwa kabisa. Alikizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, akaosha vyote kwa petroli mpya, akapuliza, akatazama juani. Tenki nalo akalimwaga. Kisha akaingiza waya mnene kwenye ekzosi, ukakwama. Akagongagonga, yakaanza kudondoka mabonge ya udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo, na inaonekana walizaa na kulea.

Alikuwa akifanya haya yote bila kunitazama, huku akinidadisi kidogo kidogo, nani alibaki nyumbani, nani alikuwa na ufunguo. Nikajikuta nimemwambia yote, hata ile barua. Hapo ndipo alipoinua kichwa.

"Kumbe huyo kijana ni wako? Alikuja hapa kuniuliza, nikamwambia aiwashe," akasema. Akafuta mikono. "Basi kosa lake ni kukutii. Angekuwa mkaidi kidogo tu, ungeikuta inawaka."

Mwanangu, nimechapwa na baba, nimefokewa na wasimamizi wa kazi, nimekataliwa na msichana hadharani. Hakuna kilichowahi kuniuma namna ile. Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi ya Salama ni ngumu.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akatia petroli mpya, akaniambia nipige. Kiki ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa tena ikatema moshi mweupe. Ya tatu ikashika, ikanguruma mpaka kuku wa mama muuza chai wakakimbia. Na nilipoinua macho nikaona lile gari la Machakos bado liko pale ng'ambo, linangoja abiria. Kyalo alikuwa ameketi dirishani. Aliusikia mlio ule, na aliujua, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa namna hiyo. Akageuza kichwa. Tukatazamana.

Mzee Nzioka akafuata macho yangu. Akaniuliza kama ndiye yeye. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia niende, gari bado halijajaa.

Barabara ya Mombasa hapo Salama ni ya kuvuka kwa dakika moja, hata ukingoja lori mbili tatu zipite. Nilikuwa na miguu miwili. Nilikuwa na ushahidi wote mkononi kwamba nimekosa, tena moto moto. Lakini nilimwonea haya. Nilifikiri nikivuka, watu wote ndani ya gari watanisikia nikiomba msamaha. Nikajiambia Jumamosi nitakwenda Kitui, nikiwa nimeoga, juu ya pikipiki iliyopona, na hapo nitazungumza kama mwanamume. Nikainama nikajitia kurekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na shida yoyote. Nilipoinuka, gari limeondoka.

Hiyo Jumamosi sikwenda. Kulikuwa na mazishi. Iliyofuata kulikuwa na mvua. Mama alikuwa akiniuliza, umekwenda Kitui? Nikisema nitakwenda, aliendelea kuchambua maharagwe yake. Baada ya mwaka, swali likawa linaulizwa Krismasi tu. Kyalo alipooa, barua ya mwaliko ilikuja kwa jina la mama, na sikumlaumu. Nilimpa mama mbuzi ampelekee, nikabaki kulinda nyumba, ati nyumba haiwezi kuachwa peke yake. Na siku tulipomzika mama, Kyalo alikuja na watu wa kanisa lake. Alisimama upande mmoja wa kaburi, mimi upande mwingine. Alinipa mkono, akanipa pole, nami nikampa pole, kama watu waliofiwa nyumba mbili tofauti. Kabla ya saa kumi walikuwa wameshaondoka.

Hapo katikati niliishi, usidhani nilikaa nikilia. Nilijifunza ufundi kwa mzee Nzioka mpaka alipofariki. Nilioa mke mwema, na miaka minne sasa ametangulia. Binti yetu yuko Nairobi na hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Lakini kuna vitu ambavyo mke na mtoto hawawezi kuzungumza nawe. Siwezi kumuuliza binti yangu kama anakumbuka jinsi baba yangu alivyokuwa akipiga mluzi akirudi kutoka kiwanda cha kahawa. Hakuwepo. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza, na nilimwacha aende na gari la Machakos.

Mwaka juzi ndipo nilipokwenda. Miaka thelathini na zaidi, mwanangu, kwa safari ya nusu siku. Nilimkuta Kitui mjini, ana duka lake la mabomba ya maji, mvi zimemjaa kuliko mimi. Alinipeleka nyumbani kwake nyuma ya soko. Mke wake akanipikia chapati na kuku, akaniwekea maji ya moto ya kunawa. Mtoto wao wa mwisho, kijana mkubwa, aliingia akasema karibu mzee, akaketi kwa heshima. Mimi ni baba yake mkubwa. Hakujua. Kyalo alipomwambia, kijana alitabasamu na kunitazama, akitafuta la kusema, halafu akauliza kama Kilungu kuna mvua.

Tulipobaki wawili nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu gundi, nyigu, skrubu zenye vumbi. Nilimwambia nilimwona dirishani na sikuvuka. Nilimwomba msamaha kwa kile nilichomtaka ale. Nililia, siogopi kusema. Kyalo alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Nilikusamehe kabla gari halijafika Machakos," akasema. "Nilijua utakuja kesho yake. Nilikungoja sana, Mutiso. Kila pikipiki ikipita nilitoka nje. Halafu kuna siku niligundua sikungoji tena, na wala sijui niliacha lini. Wewe ni mtu mzuri, naona. Lakini sikujui."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningepata cha kujibu. Tuliomba pamoja, akanisindikiza mpaka steji, akanifungia kwenye mfuko machungwa ya njiani. Tangu hapo hunipigia simu Krismasi na Pasaka. Tunaulizana habari za mvua. Habari za mvua zikiisha, tunasikia tu kila mtu akipumua, halafu mmoja wetu anasema haya basi, Mungu akubariki.

Mchungaji wetu mpya aliposikia kisa hiki alitaka kukihubiri. Alisema undugu ni kama pikipiki, ukikaa bila kutumika unaharibika. Nilimwambia aniache. Pikipiki ilikaa mwaka na miezi minane na mzee Nzioka akaifufua asubuhi moja kwa kipande cha waya na petroli safi. Nimetafuta waya wa kuzibulia nilichoziba mimi, sijauona mpaka leo.

Kwa hiyo mwanangu, unisikilize. Chombo chako kikikataa kuwaka, uliza kwanza kimekaa muda gani. Nusa petroli, tazama moto wa plagi, fungua kabureta, chungulia ekzosi, na ufanye hayo yote kabla hujalitaja jina la mtu yeyote, hata kimoyomoyo. Ukisafiri, mwachie ufunguo aliyebaki nyumbani. Akijifunza kuiendesha, furahi, ndiye anayemchotea mama yako maji. Na usimtake mtu wa tumbo lako aape kwa ajili ya kitu chochote kinachouzwa, kwa sababu ukishasema hivyo umemwambia thamani yake. Lakini kubwa kuliko yote, kwa kuwa utakosea tu, kila mtu hukosea: siku utakapojua umekosa, nenda siku hiyo hiyo. Nenda mchafu, nenda na mikono ya grisi, nenda watu wakikuona. Usingoje kuoga. Msamaha utaupata hata ukichelewa, mimi niliupata. Ila mtu mwenyewe anaweza kuwa ameshaondoka ndani ya huo msamaha, na hakuna fundi wa kumrudisha.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Akupe ulimi mzito wakati wa hasira na miguu myepesi wakati wa toba. Na akujalie, mwanangu, usije ukakaribishwa chapati na kuku, kama mgeni wa heshima, na mtu mliyenyonya titi moja.